Folda ya pamoja inapokataa kukutambua: mwongozo wa fundi kwa ofisi zilizohamia winguni

Ofisi nyingi ninazozihudumia hapa Dar es Salaam zimeachana na seva ya domeni, ile mashine ya ofisini iliyokuwa ikitunza akaunti za watumiaji wote. Barua pepe ziko Microsoft 365, laptopu zimeunganishwa moja kwa moja na Entra ID, huduma ya Microsoft ya akaunti za winguni iliyoitwa Azure AD hadi 2023, na mtu anafungua mashine yake kwa PIN au alama ya kidole. Kilichobaki nyuma ni mafaili. Hati za forodha zilizoskaniwa, vitabu vya uhasibu, mikataba ya miaka mingi: vyote bado viko kwenye folda ya pamoja, ama ndani ya NAS, kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao na kufungiwa kabatini, ama kwenye Azure Files, folda za pamoja za Microsoft zilizoko winguni. Malalamiko yanayonifikia karibu yote yanafanana: draivu Z inaomba nywila, mtu anaiweka, inakataa, anaiweka tena, inakataa.

Namwandikia fundi mwenzangu anayekaa mbele ya mashine kama hiyo huku bosi amesimama nyuma yake. Kabla hujagusa kitufe chochote, jiulize swali moja: nani anamdhamini mtumiaji huyu mbele ya hiyo folda? Ukikosa jibu la swali hilo utabadilisha mipangilio kutwa nzima na usipate kitu.

Nani anamdhamini

Ukienda kufungua akaunti ya benki na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, karani hakujui wewe, anaujua mhuri. Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji kwa tiketi, inafanya kazi hivyo hivyo. Mtoaji mmoja anakupa tiketi, na seva inakupokea kwa sababu inamwamini mtoaji. Enzi za domeni, mtoaji alikuwa seva ya Active Directory pale ofisini, na laptopu na seva ya mafaili zote zilimtambua. Siku ulipoizima, mhuri ule ulikufa. Sasa mtoaji ni Entra ID.

Azure Files unaweza kuifundisha iutambue mhuri wa Entra. NAS ya kawaida haiutambui. Ina orodha yake yenyewe ya watumiaji, na ukifika mlangoni inataka jina na nywila iliyoko kwenye orodha hiyo, kwa itifaki ya zamani ya NTLM. Kwa hiyo kwenye NAS, kile mteja anachokiita kuingia mara moja (single sign-on, yaani ukishaingia Windows folda inafunguka bila nywila nyingine) kwa kweli ni nywila iliyohifadhiwa vizuri kwenye laptopu. Mwambie hivyo mapema na waziwazi, kabla hajakulipa kwa ahadi usiyoweza kuitimiza.

Kuna hali ya tatu, ya ofisi ambayo bado ina seva ya domeni inayopumua huku laptopu zote zikiwa za Entra. Hapo akaunti lazima ziwe zinasawazishwa kutoka Active Directory, laptopu iweze kuifikia seva ya domeni, iwe ofisini au kwa VPN, na kama watu wanaingia kwa PIN, uaminifu wa Kerberos kati ya wingu na domeni uwe umewekwa. Ikikosekana moja kati ya hizo, tiketi haitolewi. Sitakaa sana hapo, maana wengi wenu mko kwenye hali mbili za kwanza.

Pata namba ya kosa

Dirisha la kawaida la Windows lina maneno mengi na taarifa kidogo. Fungua Command Prompt kama mtumiaji mwenyewe na uandike:

net use Z: \\NAS\uhasibu

Itakupa namba, na namba ndiyo inayokuelekeza pa kuanzia.

Namba 53 maana yake njia haipo: jina halipatikani au mlango umefungwa. Usiguse nywila ya mtu kwa kosa 53. Namba 86 na 1326 zinasema seva imefikiwa lakini jina au nywila haikubaliki. Namba 5 inasema umetambuliwa, ila huna ruhusa ya folda hiyo. Namba 1219 inasema tayari umeingia kwenye seva hiyo hiyo kwa jina jingine. Namba 1327 inazungumzia vizuizi vya akaunti, na kwenye Azure Files mara nyingi ni uthibitisho wa hatua mbili unaokwamisha.

Nimesisitiza "kama mtumiaji mwenyewe" kwa sababu maalumu. Ukifungua Command Prompt kwa haki za usimamizi na kuunganisha draivu humo, haitaonekana kwenye dirisha la mafaili la mtumiaji, kwa kuwa Windows inavihesabu kuwa vikao viwili tofauti. Mtu atakuambia "haipo", wewe unaiona, na mtabishana bure.

Njia kwanza

Kwa kosa 53, fungua PowerShell upime mlango 445, unaotumiwa na SMB, itifaki ya folda za pamoja za Windows:

Test-NetConnection NAS -Port 445

Tazama mstari wa TcpTestSucceeded. Ukiwa True, njia iko wazi. Ukiwa False, jaribu kwa anwani ya IP badala ya jina. IP ikikubali na jina likakataa, tatizo ni ruta au DNS, huduma inayogeuza majina kuwa IP, na suluhisho ni kuipa NAS anwani isiyobadilika kwenye ruta na kuhakikisha jina lake linapatikana.

Mtu akiwa nyumbani, mlango 445 mara nyingi umefungwa na kampuni ya intaneti yenyewe. Watoa huduma wengi duniani waliufunga kwa sababu umetumiwa sana kueneza virusi. WannaCry ya 2017 ilipita hapo hapo kwa kutumia tundu la SMB ya toleo la kwanza. Kwa hiyo mfanyakazi anayefungua Azure Files akiwa ofisini bila shida, halafu akishindwa akiwa kwake Mbezi, hana tatizo la akaunti. Anahitaji VPN. Na nakusihi, usimfungulie mlango 445 kwenye ruta ya ofisi ili aifikie NAS kutoka nje. Utakuwa umeiweka NAS ya kampuni barabarani.

NAS kabatini

Hapa ndipo kazi ilipo. Ofisi moja ya uwakala wa forodha pale Kurasini ilihamia Entra mwishoni mwa wiki, na asubuhi ya kazi mhasibu akaniuliza swali la haki kabisa: "Mbona Ijumaa iliingia yenyewe?"

Iliingia yenyewe kwa sababu laptopu yake ilikuwa na akaunti ya Windows ya kawaida, na fundi aliyetangulia alikuwa amemwekea jina lile lile na nywila ile ile kwenye NAS. Windows, ikiulizwa na seva, hujaribu kimya kimya jina na nywila ulizoingia nazo asubuhi. Zikifanana, hakuna anayekuuliza kitu. Baada ya kuhamia winguni, jina lake mbele ya mashine likageuka na kuanza na AzureAD\, na akawa anaingia kwa PIN. PIN haisafiri kwenda popote. Inafungua ufunguo uliomo ndani ya chipu ya laptopu hiyo. Hakukuwa tena na nywila ya kuijibu NAS.

Dawa ni kuihifadhi nywila ya NAS kwenye hifadhi ya vitambulisho ya Windows, mara moja, kwa usahihi:

cmdkey /add:NAS /user:NAS\asha /pass

Ukiliacha neno /pass bila kitu mbele yake, itakuuliza nywila bila kuionyesha wala kuiacha kwenye historia ya amri. Jina la NAS mbele ya jina la mtumiaji, yaani NAS\asha, linaiambia Windows kwamba akaunti hii ni ya seva ile na si ya wingu. Ukiandika asha peke yake, unaiachia Windows ikisie, na kwenye mashine za Entra inakisia vibaya.

Sasa angalia kitu kidogo kinachowasumbua watu kuliko vyote. Andika:

cmdkey /list

Pale Kurasini orodha ilikuwa na kitambulisho cha 192.168.1.20, wakati njia ya mkato kwenye skrini ya mhasibu iliandikwa \\NAS\uhasibu. Kwa Windows hizo ni seva mbili. Kitambulisho kilichohifadhiwa kwa IP hakimsaidii anayeingia kwa jina, hata kama mwisho wa waya ni kisanduku kile kile. Ukiwa na jina refu, kwa mfano nas.ofisi.lan, hiyo ni ya tatu. Chagua namna moja ya kuiandika, itumie kwenye cmdkey, kwenye draivu na kwenye njia zote za mkato, kisha futa nyingine kwa cmdkey /delete:192.168.1.20. Na kama kuna mafaili ya Excel yenye viungo kuelekea folda ile, chungulia viungo hivyo pia, vinabeba anwani ya zamani kwa miaka.

Unaposambaza mipangilio hii kwa Intune, zana ya Microsoft ya kusimamia laptopu kutoka winguni, hakikisha skripti inakimbia kwa jina la mtumiaji aliyeingia. Skripti inayokimbia kama mfumo inaweka kitambulisho kwenye hifadhi ya mfumo, ripoti inasema imefanikiwa, na mtumiaji haoni chochote. Vilevile, cmdkey ikikataa kuhifadhi kabisa, kuna sera ya usalama inayozuia kuhifadhi nywila za mtandao. Mtafute aliyeiweka mkubaliane, usiikwepe kwa siri.

Kosa 1219 linakuja pale pale ulipokuwa unajaribu jaribu. Umeingia mara ya kwanza kwa jina moja, ukakataliwa folda fulani, sasa unataka kujaribu kwa jina la msimamizi, na Windows inakataa majina mawili kwa seva moja. Mwambie mtumiaji ahifadhi na kufunga mafaili yake yote, halafu:

net use * /delete

Ikigoma bado, atoke kwenye Windows na kuingia tena. Wapo wanaokwepa kwa kuingia kwa IP ili seva ionekane ni nyingine. Inafanya kazi, lakini umepanda tatizo la majina mawili nililolieleza hapo juu, na atakayelivuna ni mtu mwingine.

Halafu kuna Windows 11 toleo la 24H2. Kama NAS ilikuwa ikifanya kazi na ikafa baada ya laptopu kusasishwa, fikiria hili kwanza. Toleo hilo, kwa Pro, Enterprise na Education, linadai mawasiliano ya SMB yawe na sahihi ya kidijitali, na Pro nayo sasa inakataa kuingia kama mgeni asiye na nywila. NAS za zamani hazisaini, au zimewekwa folda ya "kila mtu" isiyouliza jina. Ujumbe utakaouona ni kwamba sera za usalama za taasisi zinazuia mgeni, au kwamba sahihi si halali. Mitandaoni utakuta ushauri wa kuzima masharti haya kwenye kila laptopu. Mimi sifanyi hivyo. Naisasisha NAS, nawasha sahihi upande wake, naweka SMB ya toleo la 2 au 3 tu, na kila mfanyakazi anapata akaunti yake. Inachukua muda zaidi na mwenye ofisi analalamika, lakini folda isiyouliza jina ndiyo hiyo hiyo ambayo virusi vya kufunga mafaili haviulizwi jina.

Mkumbushe mteja jambo moja la kudumu: akibadilisha nywila ya Microsoft 365, ya NAS haibadiliki, na kinyume chake. Mfanyakazi akiondoka, kumfuta Entra hakumfuti kwenye NAS. Nimezikuta NAS ambazo waliokwishaacha kazi bado wana funguo zake.

Azure Files na tiketi ya Entra

Upande huu kuingia mara moja kunawezekana kweli, na kukikubali ni raha, maana hakuna nywila ya kutunza. Ila tiketi ina hatua, nawe unazifuata moja moja.

Anza na asili ya akaunti. Kwa miaka ya mwanzo Kerberos ya Entra kwenye Azure Files ilikubali tu akaunti zilizosawazishwa kutoka Active Directory. Akaunti zilizozaliwa winguni zilikaribishwa baadaye, kwa masharti yake ya toleo la Windows. Kagua akaunti ya mtumiaji imezaliwa wapi na masharti yanayoihusu kabla hujaendelea.

Kisha, ukiwa kwenye kikao cha mtumiaji, bila haki za usimamizi:

dsregcmd /status

Unatafuta AzureAdJoined iwe YES, na chini, kwenye sehemu ya SSO State, AzureAdPrt iwe YES. Hiyo PRT ndiyo tokeni mama. Ikiwa NO, usiendelee na folda, shida iko kwenye kuingia kwenyewe: intaneti ilikosekana, akaunti imezuiwa, au kifaa kimefutwa Entra huku laptopu ikiwa haijui. Mstari wa CloudTgt, yaani tiketi mama ya Kerberos ya wingu, nao uwe YES.

Halafu:

klist cloud_debug

Hapa kuna mstari usemao "Cloud Kerberos enabled by policy". Ukiwa 0, laptopu haijaruhusiwa kuchukua tiketi za wingu, na ndiyo sababu ninayokutana nayo zaidi kwenye mashine mpya. Washa sera ya CloudKerberosTicketRetrievalEnabled kupitia Intune, au kwa mashine moja ya majaribio, kwa haki za usimamizi:

reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa\Kerberos\Parameters /v CloudKerberosTicketRetrievalEnabled /t REG_DWORD /d 1

Washa mashine upya, kisha iombe tiketi yenyewe kwa mkono, ukiweka jina la akaunti yako ya hifadhi (storage account, ile inayobeba folda zako za Azure Files):

klist get cifs/hifadhiyetu.file.core.windows.net

Ikifaulu utaona tiketi yenye jina la mtoaji KERBEROS.MICROSOFTONLINE.COM. Napenda sana hatua hii, kwa sababu inalikata tatizo katikati. Tiketi ikitoka, laptopu na Entra zimemaliza kazi yao, na kilichobaki ni ruhusa. Isipotoka, ruhusa za folda hazihusiki kabisa.

Isipotoka, nenda Entra kwenye orodha ya programu zilizosajiliwa. Ulipowasha Kerberos kwenye akaunti ya hifadhi, programu yenye jina la akaunti hiyo ilijiunda humo. Inahitaji msimamizi aikubalie kwa niaba ya kampuni nzima, na watu huisahau hatua hii kwa kuwa hakuna kinachowakumbusha. Wengine huifuta wakifanya usafi, wakidhani ni takataka.

Ukipata 1327, angalia sera za masharti ya kuingia (Conditional Access). Tiketi hii haina mahali pa kumwonyesha mtu dirisha la namba ya simu, kwa hiyo sera inayodai uthibitisho wa hatua mbili kwa programu zote inaikwamisha. Itoe programu ya akaunti hiyo ya hifadhi kwenye sera hiyo. Iondoe hiyo moja tu. Wengine wote wabaki na hatua mbili zao kwenye barua pepe na kwingineko.

Jina nalo lina sheria. Tiketi imeandikwa kwa jina kamili, hifadhiyetu.file.core.windows.net. Ukiingia kwa IP, au kwa jina fupi la kubuni kwenye DNS ya ofisi, tiketi haioani na mlango na unaombwa nywila.

Tiketi ikitoka na bado unapata kosa 5, kuna ruhusa za ngazi mbili na zote zinahitajika. Ya kwanza ni ya folda ya pamoja yote (share), kwa jukumu kama Storage File Data SMB Share Contributor. Ya pili ni ya folda na faili moja moja, zile ruhusa za kawaida za Windows, unazoziona kwa icacls Z:\uhasibu. Ukimwongeza mtu kwenye kikundi, tiketi aliyonayo bado inabeba vikundi vya zamani. Andika klist purge, atoke, aingie tena, na uipe Azure muda wa kulisambaza badiliko kabla hujaanza kuvuruga mengine.

Sasa lile ambalo nalipigia kelele kila ninapolikuta. Lango la Azure, ukibofya kuunganisha, linaweza kukupa skripti iliyo na ufunguo wa akaunti ya hifadhi. Skripti inafanya kazi papo hapo, na fundi aliyechoka anaisambaza ofisi nzima. Ufunguo huo haujui Asha wala Juma. Yeyote aliye nao ana mamlaka kamili juu ya kila faili, mishahara ikiwemo, na ruhusa zote ulizopanga hazina maana. Tena kitambulisho chake kikishakaa kwenye cmdkey, laptopu hukitumia hicho, na utadhani Kerberos inafanya kazi. Tazama cmdkey /list. Ukiona jina la hifadhi likiwa na mtumiaji anayeanza na localhost\ au Azure\, kifute, tengeneza funguo mpya za akaunti hiyo ili za zamani zife, kisha rudi kwenye klist.

Saa

Kerberos inavumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa za pande mbili. Betri ndogo ya ubao ikifa, umeme ukikatika, mashine inaamka ikiwa na saa ya ajabu. Andika w32tm /query /status uone inachukua saa wapi, kisha w32tm /resync. Majira ya eneo yawe ya Nairobi, yaani saa tatu mbele ya UTC. Nimeona mashine zilizoachwa na majira ya Marekani huku mtu akiisogeza saa kwa mkono ili ionekane sawa. Kwa macho iko sawa. Kwa Kerberos imepotea kwa masaa.

Kujaribu kabla hujaondoka

Usijaribu kwa akaunti yako ya usimamizi. Mwombe mfanyakazi wa kawaida azime laptopu, aiwashe, aingie kwa PIN, afungue draivu, afungue faili, aandike herufi moja, ahifadhi. Kisha afungue folda asiyotakiwa kuifungua, na ikatae. Baada ya hapo aunganishe laptopu na intaneti ya simu, awashe VPN na kurudia yote. Piga picha ya klist na cmdkey /list zikiwa katika hali nzuri, uziweke kwenye kumbukumbu za ofisi hiyo, ili atakayekuja siku draivu ikigoma tena aone zilivyokuwa zinaonekana zilipokuwa zinafanya kazi.